Kutoka Njoro hadi Ngong

Familia nyingi za Njoro zinazokwenda Nairobi kuwasalimu ndugu hupita Nakuru na Naivasha, kisha hupanda ukingo wa Bonde la Ufa kupitia Mai Mahiu, palipo na kanisa dogo lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitalia waliokuwa wakichonga barabara hiyo.

Kabla ya barabara hiyo kuwekwa lami, farasi wa mashindano kutoka Njoro walikwenda Nairobi kwa treni. Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902, alikulia Njoro katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, mfugaji wa farasi. Akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kupata leseni ya kufunza farasi wa mbio, na mwaka 1926 farasi aliyemfunza, Wise Child, alishinda mbio za St Leger ya Kenya. Dunia humkumbuka zaidi kwa kuvuka Atlantiki kwa ndege peke yake mwaka 1936. Lakini kazi yake halisi ilikuwa zizini.

Mbio za farasi za Nairobi zilihamia Barabara ya Ngong mwaka 1954. Uwanja wa zamani umeiachia Nairobi jina la Barabara ya Racecourse.

Kwa mbio hizo, anayenunua vifaa vya farasi huanza na lijamu na hatamu, lakini tandiko la mbio ndilo la kushangaza: ni jepesi mno. Mpandaji hupimwa akiwa amelibeba, na uzito ukipungua, vipande vya risasi huchomekwa mifukoni chini yake. Baada ya mbio hurudi mizanini, na pungufu kubwa humpokonya ushindi.