Kigae na Ukuta wa Bafu

Msomaji, neno kigae ni la kale kuliko bafu za siku hizi. Wazee wetu walipolitamka hawakukusudia kile kibamba king'aacho kinachouzwa madukani, ambacho mafundi wengi hukiita taili. Walikusudia kipande cha chungu au cha sahani iliyovunjika. Ukitaka kuviona vigae vya namna hiyo, njoo kwetu Ozi, panda mtumbwi, uteremke na mto mpaka Kipini, kisha ufuate pwani hata uyafikie magofu ya Ungwana. Huko utaokota vigae vya vyungu vilivyofinyangwa na mama zetu wa kale, na pembeni yake vigae vya vyombo vilivyokuja kwa jahazi kutoka Uajemi na Uchina.

Nataka kukusimulia jinsi kigae kilivyotoka jalalani kikapanda ukutani, na jinsi mimi, mwalimu wa historia, nilivyoadhibika kwa kutoizingatia historia hiyo nyumbani kwangu.

Ungwana ulikuwa mji tangu yapata karne ya 10, nao ulihamwa yapata karne ya 17. Katika miaka ya 1950 mwanachuo James Kirkman aliuchimba, akaonyesha misikiti yake, makaburi yake na visima vyake. Watu wa miji ya namna hii walikuwa watu wa maji. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alipofika Mombasa mwaka 1331 aliona penye milango ya misikiti visima, na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia. Huko Kilwa, katika jumba la Husuni Kubwa, lilijengwa birika kubwa la kuogea lenye pembe nane. Basi mtu asikudanganye ya kuwa usafi ni jambo tulilofundishwa juzi.

Lakini maji yana adabu mbili: humsafisha mtu, na humla mjenzi. Wazee walimzuiaje adui huyu? Walitumia chokaa. Walikusanya mawe ya matumbawe, wakayapanga juu ya rundo la magogo, wakatia moto. Jiwe lililoungua walilizimua kwa maji, likawa unga laini. Nao unga huo, ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, hunywa hewa polepole na kurudi kuwa jiwe tena. Juu yake walipaka niru, wakaisugua mpaka ikateleza kama ganda la yai. Hiyo ndiyo iliyokuwa nguo ya ukuta wa maliwato.

Katika nyumba za mawe za Lamu choo kilikuwa ndani ya nyumba, karibu na vyumba vya wenyewe, nacho kilikuwa na birika la maji. Chini ya birika walizoea kupachika bakuli la kauri, na majini wakafuga samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Bakuli za namna hiyo zilipambwa pia makaburini. Mnara wa kaburi la Mambrui ulipachikwa bakuli za Uchina. Tazama basi: chombo cha udongo uliochomwa kilikuwa kimekwisha kuingia ukutani kwetu, ijapokuwa kwa pambo tu.

Nchi nyingine zilikwenda mbali zaidi. Wamisri walivisha vyumba vya chini vya piramidi ya Saqqara vigae vya buluu zaidi ya miaka 4,000 iliyopita. Waajemi wa Kashan walikuwa mabingwa wa kazi hiyo, na Wareno walichukua jina la vigae vyao, azulejo, katika Kiarabu. Hata hivyo mapokeo hayasafiri yote kwa chombo kimoja. Seyyid Said alipojenga hamamu ya Kidichi, Unguja, yapata mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, kuta hazikuvishwa vigae. Zilipambwa kwa chokaa iliyofinyangwa maua na ndege. Mgeni alikuja na desturi ya kuoga, pwani ikampa ukuta.

Kisha ikaja saruji. Saruji ya namna tuijuayo ilipewa hati ya uvumbuzi Uingereza mwaka 1824, na kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitengeneza mwaka 1954. Malighafi yake ni yale yale matumbawe ya wazee wetu. Kwa saruji vigae vya kung'aa vikaweza kushikamana na ukuta wa mtu wa kawaida.

Sasa nifikie kosa langu. Nyumba ya mama yangu ni ya miti na udongo. Nilipopata kazi ya ualimu chuoni niliona haya kuwa mama aoge nyuma ya makuti. Nikanunua vigae vyeupe, nikachukua mchanga wa kando ya mto na maji ya mto, nikapaka saruji juu ya ukuta wa udongo, nikapachika vigae vyangu mwenyewe. Majirani walikuja kutazama. Mama akaniombea dua.

Masika yalipopita, ukuta ulianza kutoa unga mweupe kwenye maungio. Asubuhi moja vigae vinne vikabanduka kwa pamoja, na kimoja kikamkata mama mguuni alipokuwa akioga. Hakulalamika. Alisema tu, "Mwanangu, makuti hayakuwahi kunikata." Neno lile liliniuma kuliko jeraha lilivyomuuma yeye.

Nikamwendea mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mawe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Maji uliyokorogea umeyaonja?"

Sikuwa nimeyaonja. Na hapa ndipo historia iliponicheka. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji mwembamba uitwao Belezoni, kuunganisha Mto Tana na Mto Ozi ili mitumbwi ipite. Maji yaliupanua mwaka hadi mwaka, hata Tana yenyewe ikaacha njia yake ya kale ikatokea baharini Kipini. Mto unapopungua, bahari hupanda kwa njia hiyo hiyo na kutia chumvi mashamba yetu. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi habari za mfereji huo, nami nikakoroga saruji kwa maji yake! Chumvi ile, ukuta unapokauka, huwa punje ngumu nyuma ya kigae na kukisukuma nje. Udongo nao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, lakini kigae hakijui kuvimba wala kusinyaa.

Tuliubomoa ukuta. Tukajenga mwingine wa matofali ya saruji juu ya msingi wa mawe, kwa mchanga uliooshwa na maji ya mvua. Tukapiga lipu, tukaiacha ikauke, tukapaka dawa ya kuzuia maji. Tukaanza kupanga vigae kutoka chini, tukivipima kwa timazi na pimamaji, tukiacha nafasi ndogo kati ya kigae na kigae, nayo tukaiziba baadaye. Sakafu tukaiinamisha kuelekea tundu la maji. Mwisho mzee alikigonga kila kigae kwa kidole. Kilicholia kama debe tupu alikibandua, akakirudia.

Msomaji, ukuta huo ungali umesimama. Nawe siku moja utamjengea mtu umpendaye. Kabla hujachagua rangi ya kigae, uliza ukuta umesimama juu ya nini, na maji yako yametoka wapi. Watu wa Ungwana hawakuwa na taili, lakini maswali hayo mawili waliyajua. Mimi nilikuwa na vyeti viwili, nisiyajue, mpaka mama yangu alipotoka damu.