Gurudumu la Orffyreus na Suala la Kuthibitisha Uvumbuzi, 1712–1775

Wazo la gurudumu linalojizungusha daima bila kusukumwa ni la kale. Katika karne ya 12, Bhaskara II wa India alieleza gurudumu lenye zebaki. Katika karne iliyofuata, Villard de Honnecourt wa Ufaransa alichora gurudumu lenye nyundo. Makala haya yanaonesha kwamba, mbali na ugumu wa kiufundi, gurudumu hilo lilizua suala la kisera: dai la mvumbuzi anayeficha siri yake lithibitishwe vipi?

Ugumu wa kiufundi haukutokana na uhaba wa ustadi. Mafundi walipanga vipande vya uzito vikae mbali na mhimili upande unaoshuka na karibu nao upande unaopanda, wakitaraji upande mmoja uelemee daima. Hata hivyo, vipande vilivyo mbali huwa vichache, na vilivyo karibu huwa vingi. Gurudumu husawazika, na msuguano hulisimamisha. Kupaka mhimili mafuta huchelewesha tu kusimama huko.

Johann Bessler, aliyejiita Orffyreus, alidai kuushinda ugumu huo. Alionesha gurudumu lake la kwanza mjini Gera mwaka 1712, kisha akafadhiliwa na Karl, mtawala wa Hesse-Kassel. Tarehe 12 Novemba 1717, gurudumu lilifungiwa chumbani katika kasri la Weissenstein, na mlango ukatiwa lakiri. Tarehe 4 Januari 1718 lilikutwa lingali likizunguka. Mwaka 1721, Willem 's Gravesande, profesa wa Leiden, alilikagua kwa nje, asigundue kani yoyote ya nje, akamwandikia Newton. Bessler akalivunja, akilalamika kwamba siri yake ilitafutwa bila malipo. Mwaka 1727, aliyekuwa mtumishi wake alidai kwamba lilizungushwa kwa mkono kutoka chumba cha pili.

Lakiri ililinda mlango. Haikufunua kilichokuwa ndani ya gurudumu. Muuzaji hakutaka kuonesha kabla ya kulipwa, wala wanunuzi hawakutaka kulipa kabla ya kuona. Mwaka 1775, Akademia ya Sayansi ya Paris iliacha kupokea madai ya aina hiyo, ikieleza kwamba yalikuwa yamefilisi familia na kupoteza vipaji vya mafundi. Funzo kwa sera ni kwamba ulinzi wa mvumbuzi uende sambamba na sharti la kufichua uvumbuzi, na fedha za umma zisitangulie ukaguzi wa ndani.