Hesabu ya Mbwa wa Lubao

Siku ya soko pale Lubao, kando ya barabara ya Kakamega–Webuye, mbwa huuzwa kama kuku. Mnunuzi humkagua, bei hupatanwa, kamba hubadili mkono, na jioni mbwa amehamia kijiji kingine. Akiwa na virusi vya kichaa cha mbwa, navyo vimehama.

Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa viungani mwa Nairobi. Kuua mbwa wazururaji kulionekana kuwa njia ya mkato, ila nafasi za waliouawa hazikukawia kujazwa na watoto wapya. Swali la maana lilikuwa jingine: wachanjwe wangapi ndipo ugonjwa ukatike?

Jibu lilitafutwa Machakos. Mtafiti Philip Kitala na wenzake walianza nyumba kwa nyumba: hapa mna mbwa wangapi, wana umri gani, huzaa mara ngapi, hufa lini? Majibu hayo wakayatia katika modeli ya kihesabu, waliyoichapisha mwaka 2002. Modeli ilikadiria kwamba pasipo chanjo, mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wenzake 2.44. Ni wastani, bila shaka. Sasa, ili mgonjwa asiache nyuma yake zaidi ya mgonjwa mmoja, 1.44 kati ya hao 2.44 lazima wawe na kinga. Hiyo ni asilimia 59. Lakini mbwa wa Machakos walikuwa wakiongezeka kwa takriban asilimia 9 kwa mwaka, watoto wakizaliwa bila kinga na waliochanjwa wakifa mapema. Ndiyo sababu kampeni za kila mwaka hulenga asilimia 70.

Kule Serengeti, Tanzania, mtafiti Katie Hampson na wenzake walifuatilia nani kamwuma nani, na mwaka 2009 wakatoa makadirio ya chini kuliko hayo ya Machakos: mbwa mmoja mgonjwa huambukiza wenzake kati ya 1 na 2. Maana yake ugonjwa huu unashindika.

Kenya ilizindua mkakati wa kuumaliza ifikapo 2030, ukianza na kaunti chache, zikiwemo Makueni na Siaya.

Kwa maoni yangu, soko kama Lubao ndilo linalovujisha asilimia hizo, maana mbwa wa sokoni hupita mipaka ambayo kwa miguu yake asingeifikia. Basi ukinunua mbwa pale, dai cheti cha chanjo. Kisipokuwepo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajazoea boma lako. Na ukiumwa, osha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo.