Kamera ya kwanza ya DSLR: hesabu ya mnunuzi wa Kigobe

BUJUMBURA – Kigobe, mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, unajulikana kwa jengo la mikutano ambamo Bunge la Burundi hukutana. Penye semina na sherehe hapakosi kazi ya picha, na kijana anayetaka kuingia kazi hiyo hujiuliza kama atie mtaji wake wa kwanza kwenye DSLR, yaani kamera yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha.

Kamera hizo zilianza kufikiwa na watu wa kawaida mwaka 2003, Canon ilipotoa EOS 300D kwa chini ya dola 1,000. Sasa watengenezaji wakubwa wamehamia kamera zisizo na kioo, na D3500 ya Nikon, iliyotoka 2018, haitengenezwi tena. Kwa hiyo mnunuzi wa DSLR ya kuanzia mara nyingi hupata iliyotumika. Si hasara, mradi bei iwe ya kitu kilichotumika.

Hesabu ngumu ni ya mpakani. Kamera ya dola 450, ikiongezwa nauli na bima ya dola 50, huhesabiwa na forodha kuwa dola 500. Kodi ya ongezeko la thamani, TVA, ni asilimia 18, yaani dola 90. Hapo ushuru wa forodha haujaguswa, na ukiwepo nao hutozwa TVA.

Kisha kuna dola yenyewe. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, lakini pengo halikuzibika: mwaka 2025 dola ya mtaani iliuzwa zaidi ya mara 2 ya bei rasmi. Asiye na dola za benki apige hesabu kwa bei ya mtaani, la sivyo atauza huduma kwa hasara bila kujua.

Kwa anayeagiza kutoka Kariakoo au Dubai, aulize idadi ya picha ambazo shata imekwisha piga, na ajaribu lenzi kwenye kamera ileile. D3500 haina mota ya kulenga ndani yake, hivyo lenzi za zamani za Nikon zisizo na mota zitabidi zizungushwe kwa mkono. Pia haina tundu la maikrofoni, jambo baya kwa mwenye kupiga video za harusi. Dhamana ya duka la Dubai mara nyingi haivuki mpaka.

Ambaye hana wateja 2 au 3 wa uhakika afadhali akodi kamera kwanza. Mwenye nao anunue, abakize fedha za betri ya pili, maana umeme hukatika.

Wasafirishaji wanaopitia Kabanga na Kobero waandike namba ya kamera kwenye ankara na kuitangaza. Kamera iliyofichwa kwenye mzigo wa mwingine huweza kuuchelewesha mzigo wote.