Kutostahimili laktosi

Kutostahimili laktosi ni hali ya tumbo kushindwa kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa. Huorodheshwa pamoja na maradhi, ingawa takriban theluthi mbili ya watu duniani hupungukiwa na uwezo huo kadiri wanavyokua. Anayekunywa maziwa uzeeni bila kusumbuka ndiye hasa wa kushangaza.

Chanzo na dalili

Laktosi huvunjwa na kimeng'enya cha laktasi, ambacho hutengenezwa kwenye ukuta wa utumbo mwembamba. Kikipungua, sukari hupita ilivyo hadi utumbo mpana, ambako bakteria huichachusha na kutoa gesi. Tumbo hujaa, hunguruma na kusokota, na mara nyingi mtu huhara. Mtoto aliyeharisha kwa siku nyingi anaweza kupatwa na hali hii kwa muda, kisha ikamwisha. Mzio wa protini za maziwa ni jambo jingine, tena la hatari zaidi.

Utafiti Afrika Mashariki

Mwaka 1966 G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vyao vya Uganda. Wengi wa Baganda, watu wa matoke, walikuwa na upungufu wa laktasi, ilhali wengi wa jamii za wafugaji walikuwa nayo ya kutosha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walitoa utafiti mkubwa zaidi, wa Watanzania, Wakenya na Wasudani 470 kutoka makabila 43. Walipata mabadiliko matatu ya kijeni yanayomwezesha mtu mzima kumeng'enya laktosi, yote tofauti na lile la Ulaya lililotambuliwa nchini Finland mwaka 2002. Lililoenea zaidi Kenya na Tanzania lilikadiriwa kuwa na umri wa miaka 2,700 hadi 6,800, makadirio yanayokwenda sambamba na kuenea kwa ufugaji wa ng'ombe. Wahadzabe wamebaki kitendawili: ni wawindaji na wachuma matunda, lakini karibu nusu ya waliopimwa waliimudu laktosi.

Kubadili mlo

Hospitali zenye vifaa hupima hidrojeni kwenye pumzi. Kwingineko mtu huacha maziwa kwa wiki mbili hivi, akayarudia kidogo kidogo huku akilisikiliza tumbo. Kuyaacha kabisa mara nyingi si lazima, kwa kuwa wengi huvumilia gramu 12 kwa mkupuo, yaani kiasi cha glasi moja, hasa wakinywa pamoja na chakula. Kikombe cha chai ya maziwa cha asubuhi huweza kupita salama; cha tatu ndicho huleta balaa. Samli na jibini gumu hubaki na laktosi kidogo mno. Maziwa ya mbuzi na ngamia, yanayosifiwa kupita kiasi kama mbadala, yana laktosi inayokaribiana na ya ng'ombe.

Dawa ya zamani, na bado bora, ni kugandisha. Katika mtindi na maziwa lala bakteria huwa wameshakula sehemu ya sukari. Wakalenjin hutengeneza mursik: kibuyu husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti wa senetwet hadi kuta zipakae masizi, kisha maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa humo, yakafungwa siku kadhaa. Hutoka mazito, ya kijivujivu na machachu.

Anayepunguza maziwa hupata kalsiamu kwa dagaa wanaoliwa na mifupa yao, ulezi na ufuta. Ugumu mwingine ni wa adabu: ugenini, hasa Kenya, chai huja tayari imechemshwa na maziwa, na kuomba ya rangi huweza kumfanya mwenyeji adhani amedharauliwa.

Hali ya sasa

Maziwa yaliyoondolewa laktosi huuzwa katika baadhi ya maduka makubwa ya mijini, kwa bei ya juu kuliko ya kawaida.