Kutoka Boda Hadi Boda: Historia ya Baiskeli na Haki ya Mwendesha Baiskeli

Ndugu msomaji, neno boda boda unalitamka kila siku, nawe huenda hujapata kujiuliza lilizaliwa wapi. Halikuzaliwa Kampala wala Nairobi, wala mzazi wake si pikipiki. Lilizaliwa Busia, mji uliogawanywa na mpaka wa Uganda na Kenya, katika miaka ya 1960, na mzazi wake ni baiskeli. Kati ya lango la upande huu na lango la upande wa pili palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Abiria alishushwa na gari upande mmoja, kisha ikambidi aubebe mzigo wake kwa miguu hadi ng'ambo. Vijana wenye baiskeli waliiona haja hiyo. Wakafunga mto juu ya keria, wakawa wanawaita wasafiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilitamka mara mbili kwa matamshi yetu: boda, boda, yaani toka mpaka huu hadi mpaka ule.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu maalumu. Katika nchi zetu wako watu wengi mno wanaokwenda kazini, shuleni, sokoni na zahanati kwa baiskeli mwaka mzima, mvua inyeshe au jua liwake. Hata hivyo, watu hao huonekana barabarani kama wageni waliopotea njia. Hupigiwa honi, husukumwa mtaroni, na chombo chao huhesabiwa kuwa alama ya umaskini. Nakuomba tuipitie historia ya chombo hicho pamoja, kisha uamue mwenyewe kama dharau hiyo ina msingi.

Chombo kilivyoundwa

Baiskeli haikubuniwa na mtu mmoja kwa siku moja. Mwaka 1817, huko Mannheim nchini Ujerumani, Karl von Drais alipanda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, akakisukuma kwa kukanyaga ardhi kwa miguu yake. Katika miaka ya 1860 mafundi wa Paris waliweka pedeli kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 1880 Hans Renold, akiwa Manchester, alibuni mnyororo wa vipingili vyenye roli ndogo, ambao ndio babu wa mnyororo unaouona leo. Miaka mitano baadaye, mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Ukiiweka baiskeli hiyo kando ya ile inayobeba ndizi leo katika barabara ya Tororo, utaona kwamba ni ndugu wa damu.

Palibaki tatizo moja. Matairi yalikuwa ya mpira mgumu usio na hewa, na kila jiwe la njiani lilimfikia mpanda baiskeli mgongoni. Mwaka 1888 daktari wa mifugo aliyeitwa John Boyd Dunlop, aliyeishi Belfast, alitengeneza tairi lenye hewa ndani kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Safari ikawa nyororo na ya kasi zaidi. Ulaya na Marekani zikashikwa na hamu ya baiskeli, na hamu hiyo ikahitaji kitu kimoja kwa wingi: mpira.

Deni lililolipwa na jirani

Hapa, msomaji, historia inavuka mpaka wetu wa magharibi. Tangu mwaka 1885 nchi kubwa ya Kongo ilikuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, si kama koloni la taifa lake, bali kama mali yake mwenyewe. Misitu ya Kongo ilikuwa na mimea itambaayo ya mwituni yenye utomvu wa mpira. Tairi la Dunlop lilipopandisha bei ya mpira, watawala wa Leopold na makampuni yaliyopewa maeneo waliwawekea wanavijiji viwango vya kukusanya. Mwanamume aliingia msituni siku nyingi, akaacha shamba lake bila jembe. Aliposhindwa kutimiza kiwango, mkewe alishikwa mateka, au kijiji kilishambuliwa na askari wa jeshi lililoitwa Force Publique. Askari walitakiwa kuthibitisha kwamba hawakupoteza risasi, na uthibitisho huo ukawa mikono iliyokatwa. Watu wengi mno walikufa kwa risasi, kwa njaa na kwa maradhi.

Ukatili huo ulifichuliwa na watu waliokuwa macho. Edmund Morel, karani wa kampuni ya meli, alitazama shehena bandarini Antwerp. Akaona kwamba meli zilileta mpira na pembe za ndovu, lakini zilirudi Kongo zikiwa na bunduki na risasi, wala si bidhaa za kulipia mpira ule. Akatambua kwamba hiyo haikuwa biashara. Mwaka 1904 ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, ilichapishwa, ikiwa na ushahidi wa Wakongo wenyewe. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, nayo ikawa koloni la Ubelgiji. Jina lilibadilika, ingawa unyonge wa mwananchi haukwisha.

Sikusimulii haya ili uichukie baiskeli. Nakusimulia ili ujue kwamba bara letu lililipia gurudumu hili kabla watu wake wengi hawajalipanda. Anayemwambia mwendesha baiskeli wa Kiafrika kwamba hana mahali barabarani, hajui ni nani aliyelipa kodi ya kwanza ya tairi lile.

Baiskeli inaingia kwetu

Katika Uganda ya ukoloni, waliotangulia kupanda baiskeli walikuwa wamisionari na maofisa, kisha machifu, makatekista, walimu na makarani. Kilimo cha pamba, kilichoanza kuenezwa mwaka 1903, na baadaye kahawa, vilimpa mkulima fedha taslimu. Mkulima huyo aliponunua kitu kikubwa baada ya mavuno, mara nyingi kilikuwa baiskeli ya Kiingereza, kama vile Raleigh iliyotoka Nottingham. Baadaye zikafuata baiskeli za India na China, ambazo Hero na Phoenix ni miongoni mwa majina yake mashuhuri.

Kila jirani alikipa chombo hiki jina lake. Waganda walikiita eggaali, neno lenye udugu na gari la Kiswahili, ambalo nalo lilisafiri kutoka Bara Hindi. Wanyarwanda wakasema igare, Warundi ikinga, na Kiswahili cha Kongo kikasema kinga. Kila jamii ilikifanya chombo hiki kuwa chake. Kilibeba mikungu ya ndizi, makopo ya maziwa, madumu ya maji, mgonjwa na bibi harusi. Jambo moja tukiri: katika jamii zetu nyingi mwanamke alikatazwa kwa desturi kukaa juu ya tandiko na kukanyaga pedeli. Alipanda nyuma, kwenye keria. Kwa hiyo aliyebeba maji na kuni nyingi kuliko wote ndiye aliyenyimwa chombo cha kuvibebea.

Miaka ya uhaba

Mwaka 1972 serikali ya Idi Amin iliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 waondoke Uganda. Wao ndio waliokuwa wameshika sehemu kubwa ya biashara ya kuagiza na kuuza bidhaa. Maduka yalibadilisha wenyewe, shehena zikapungua, na vipuri vikaadimika. Tairi, tyubu na mnyororo vikawa vitu vya kutafutwa kwa kujuana. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mipaka ikawa migumu zaidi. Hapo magendo yakashamiri, na kahawa ikavuka kwenda Kenya kwa njia za panya. Baiskeli ilifaa sana kwa safari hizo: haina mlio, haili petroli, na inapita pasipopita gari.

Katika miaka hiyo fundi baiskeli alikuwa nguzo ya jamii. Chini ya mwembe, akiwa na spana chache, pampu na beseni la maji, aliendelea kuzungusha nchi. Tairi lililochanika alilishona, au alilitia ndani kipande cha tairi kuukuu. Tyubu iliyokwisha aliikata vipande vya kutengenezea viraka, na iliyobaki ikawa kamba za kufungia mizigo. Tairi lisilofaa tena likageuka ndala.

Elimu iliyo mikononi mwa fundi

Wengi hudhani kwamba kazi ya fundi haina elimu. Hebu itazame kwa makini. Baiskeli ya kizamani ina spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo hukaa nyuma. Spoku moja ikikatika, zilizobaki hubeba zaidi ya sehemu yake, na ringi huanza kupinda. Fundi huizungusha, huisikiliza, hukaza hapa na kulegeza pale hadi inyooke. Hiyo ni fizikia, hata kama haikuandikwa ubaoni.

Anayesafiri kwa baiskeli mwaka mzima lazima aijue kalenda ya chombo chake. Wakati wa kiangazi, vumbi jekundu hushikamana na mafuta ya mnyororo na kuwa kama msasa. Kwa hiyo mnyororo hufutwa kwanza, ndipo hutiwa mafuta kidogo, na yanayozidi hufutwa tena. Kumwaga mafuta juu ya uchafu ni kuulisha ugonjwa. Wakati wa masika, tope hujaa chini ya madigadi na maji huingia penye gololi. Grisi ikishasombwa, chuma husaga chuma. Hivyo ni vema kufungua, kusafisha na kupaka grisi mpya mvua zinapokoma. Breki za vyuma zinazobana ringi ya chuma hupoteza nguvu nyingi ringi ikilowa, na mtu mwenye busara hupunguza mwendo mapema kabla ya mteremko. Tena mnyororo uliochakaa hurefuka, na ukirefuka huyala meno ya gia. Anayeubadilisha kwa wakati hununua mnyororo tu; anayechelewa hununua mnyororo na gia zote mbili. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nami naona kwamba methali hiyo ni somo la uraia pia. Serikali zetu hupenda kuzindua, kukata utepe na kupiga picha. Fundi wa chini ya mwembe hutufundisha adabu ya kutunza kilichopo: daraja, kisima, darasa na barabara.

Haki ya barabara

Kuanzia miaka ya 1990 pikipiki ilianza kuipokonya baiskeli abiria na hata jina lake. Pikipiki ina kasi, na si vibaya kuipenda. Ila mwenye baiskeli hakutoweka. Aliendelea kuwapo, akasukumwa pembeni. Machi 2022 wenye mamlaka nchini Burundi walizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura, na waliotegemea vyombo hivyo wakatembea kwa miguu. Kwa upande mwingine, Kigali hufunga baadhi ya barabara zake kwa magari katika Jumapili maalumu, na Septemba 2025 ilikuwa mji wa kwanza barani Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Hapa Uganda tunayo sera ya usafiri usiotumia injini tangu mwaka 2012. Basi sera ipo. Kinachotafutwa ni barabara zinazoitii.

Haki huandamana na wajibu. Mwendesha baiskeli anapaswa kuwa na breki zinazoshika, kengele inayolia na taa usiku. Anapaswa pia kujua upande wake: Uganda, Kenya na Tanzania tunaendesha kushoto, ilhali Rwanda, Burundi na Kongo wanaendesha kulia. Anayevuka Gatuna au Mpondwe bila kulikumbuka hilo anahatarisha maisha yake na ya wengine.

Turudi Busia tulikoanzia. Februari 2018 marais wa Uganda na Kenya walizindua hapo kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja tu, katika nchi anayoingia. Ni hatua njema. Lakini kumbuka kwamba miongo kadhaa kabla ya viongozi kukata utepe, vijana wenye mto juu ya keria walikuwa wamekwisha kuziunganisha nchi hizi mbili. Walifanya hivyo kila siku, kwa nguvu za miguu yao.

Kwa hiyo, ndugu yangu, utakapomkuta mtu wa baiskeli mbele yako barabarani, kesho asubuhi au wakati wa mvua, mpe nafasi ya kupita. Na diwani wako atakapokuja kuomba kura, muulize: katika barabara mpya uliyotuahidi, mtu wa baiskeli atapita wapi?

Maswali ya kutafakari

1. Je, ni nani katika mtaa wako hutegemea baiskeli kila siku, na ni kikwazo gani kikubwa anachokutana nacho?
2. Historia ya mpira wa Kongo inatufundisha nini kuhusu bidhaa tunazotumia leo bila kuuliza zilikotoka?
3. Taja kitu kimoja cha umma katika eneo lako kinachoharibika kwa kukosa matunzo madogo. Ni nani mwenye wajibu wa kukitunza, nawe utaanzia wapi kumkumbusha?