Vitabu vya Bujumbura, orodha za Bologna na Oxford

Ukikipata kitabu cha zamani cha Presses Lavigerie, mtambo wa uchapaji wa Kanisa Katoliki mjini Bujumbura, fungua ukurasa wa jina. Mji ukiandikwa Usumbura, kitabu hicho ni cha enzi ya Wabelgiji, kabla ya uhuru wa 1962. Kazi ya mkutubi huanzia hapo: nani amechapa, wapi, lini.

Chuo kikuu kilianza mwaka 1964. Baadaye likaja jarida lake, Revue de l'Université du Burundi, na kando yake Culture et Société la Kituo cha Utamaduni wa Burundi. Wasomi wa mjini waliandika, tena sana. Lakini orodha ya kumwonyesha mtafiti yote yaliyoandikwa kuhusu nchi hii ilitoka mbali. Padri Rodegem, Mmisionari wa Afrika aliyetoa kamusi ya Kirundi mwaka 1970, alikusanya orodha nene ikachapwa Bologna, Italia, mwaka 1978. Nyingine, ya Morna Daniels, ikatoka Oxford mwaka 1992, kwa Kiingereza, wakati wanafunzi wa kampasi ya Mutanga ya chuo hicho walikuwa wakifundishwa kwa Kifaransa.

Lugha ndiyo iliyowatenga wakutubi wetu na jirani zao. Makerere palikuwa na Shule ya Ukutubi ya Afrika Mashariki tangu 1963. Nchi za Kifaransa zilitazama shule ya Dakar. Jarida la ukutubi la Ibadan, lililoanza 1991, ni la Kiingereza, na la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam vilevile. Kigoma iko kwenye ufuo uleule wa Ziwa Tanganyika, Dakar ni upande wa pili wa bara, lakini taaluma ilifuata ramani ya wakoloni.

Leo bei ya karatasi haitoshi kuwa kisingizio cha kutochapisha. Programu ya OJS ya kuendesha jarida, iliyotoka Kanada, ni ya bure. DSpace ya kuhifadhi tasnifu, iliyotolewa 2002, nayo ni ya bure. Tovuti ya AJOL imekuwa ikitangaza majarida ya Afrika tangu 1998. Ila hakuna programu inayoketi rafuni kuainisha tasnifu zilizojaa vumbi. Hiyo ni kazi ya mtu, na mtu huyo hula mshahara.

Basi vyuo vya Bujumbura vianze na tasnifu zao vyenyewe, na bajeti ya mwaka ujao imtaje mkutubi kabla ya kompyuta.